Rubya na Suala la Lugha: Uhakiki wa Fikra Tatu Potofu

Suala la lugha ni suala la siasa. Hatusemi hivyo kwa ajili ya kupamba hotuba. Lugha ndiyo chombo anachokitumia mkulima kudai bei halali ya kahawa yake, mama kumweleza daktari maradhi ya mtoto, na mwanafunzi kuielewa sayansi. Anayemnyima mtu chombo hicho amemnyima na vyote vinavyopatikana kwacho. Hata hivyo, katika madarasa ya siasa tumeona mara nyingi kwamba jambo hili linazungumzwa kwa mazoea tu. Kada atakueleza vizuri juu ya njia kuu za uchumi, lakini ukimwuliza jinsi binadamu anavyojifunza lugha atakujibu kwa uvumi alioupata barazani.

Katika makala hii tunakusudia kuzihakiki fikra tatu zilizoenea miongoni mwetu. Ya kwanza inasema kwamba lugha za makabila, zile tunazoziita vilugha, ni adui wa Kiswahili na wa umoja wa taifa. Ya pili inasema kwamba njia ya kukijua Kiingereza ni kumfundisha mtoto kila somo kwa Kiingereza, na mapema iwezekanavyo. Ya tatu inasema kwamba lugha ya wazee iko katika damu, hivyo itamjia mtoto yenyewe popote atakapokulia. Fikra hizi zinapingana zenyewe kwa zenyewe, lakini zina asili moja. Zote zinaitazama lugha kama kitu kilicho nje ya kazi na maisha ya watu.

Mfano wetu mkuu tumeuchukua Rubya, katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Tumeuchagua kwa sababu hapo lugha za kila aina zimekutana: ya nyumbani, ya taifa, za dini, za wakoloni na za majirani. Nadharia tunayotaka kuitetea inaweza kupimwa hapo kwa mambo yaliyotokea kweli.

Hali halisi

Mtoto anayezaliwa katika kijiji cha jirani na Rubya hukikuta Kihaya nyumbani. Hiyo ndiyo lugha yake ya kwanza. Hakuna anayemwekea ubao wala kumpa mtihani. Huisikia akiwa mgongoni mwa mama kwenye kibanja, huitumia kuomba chakula, kugombana na wenzake na kutumwa kwa jirani. Anapokaribia kwenda shule huwa ameimaliza kazi ambayo mtu mzima anayejifunza lugha hiyo huifanya kwa jasho la miaka. Tutoe mfano mmoja. Kitenzi cha Kihaya hutenganisha jambo lililotokea leo, lililotokea jana, na lililotokea zamani zaidi. Kila wakati una umbo lake. Kiswahili hutosheka na kiambishi -li- kwa yote matatu. Mtoto huyo asiyejua hata kushika kalamu huyatumia maumbo hayo bila kusita. Mtu anayemwita mtoto huyo mbumbumbu kwa sababu hajui Kiswahili au Kiingereza hajui anachokisema.

Kisha mtoto hukutana na Kiswahili shuleni, sokoni, kwenye foleni ya hospitali, redioni, na kwenye mkutano wa kijiji. Hiyo ni lugha yake ya pili. Haikuwa ya mamaye, lakini inaishi karibu naye na ina kazi ya kufanya kila siku. Tena anaikuta na vitu vingi anavyovifahamu. Yeye anasema omuntu na abantu, ekintu na ebintu, na Kiswahili kinamwambia mtu na watu, kitu na vitu. Mpangilio wa ngeli anao tayari, na kinachobaki ni kuujaza maneno mapya. Lafudhi ya Kihaya inaweza kubaki katika Kiswahili chake hata uzeeni. Hilo ni jambo la kawaida kwa kila ajifunzaye lugha baada ya utoto, wala si kipimo cha akili. Kada anayecheka lafudhi ya mwenzake mkutanoni anamfundisha mwenzake kunyamaza.

Kiingereza kiko mbali zaidi. Kwa mtoto huyo ni lugha ya ziada. Hakizungumzwi kibanjani, hakiuzi ndizi, na nje ya darasa hakuna anayemlazimu kukitumia. Wataalamu wengi wa nchi yetu wamekwisha kusema kwamba kukiita Kiingereza lugha ya pili ya Watanzania ni kujidanganya. Kwa sehemu kubwa ya wananchi ni lugha ya kigeni.

Kuna na mtoto wa nne. Huyu baba na mama yake wametoka Muleba, lakini yeye amezaliwa Dar es Salaam au Mwanza. Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza. Kihaya anakisikia wazazi wanapozungumza mambo wasiyotaka ayajue, au bibi anapokuja kutembea. Anaelewa anapotumwa maji, lakini akitakiwa kujibu anajibu kwa Kiswahili. Kwake Kihaya ni lugha ya urithi.

Hivyo basi, watoto hawa wanaweza kuwa wa ukoo mmoja, lakini kila lugha imewajia kwa njia yake, kwa kadiri ya kazi inayofanya katika maisha yao. Hapo ndipo uchambuzi wote unapoanzia.

Mwanafunzi mmoja wa Rubya

Mapema katika karne ya 20 Wamisionari wa Afrika, wale wanaojulikana kama Mapadri Weupe, walikuwa na seminari Rubya. Mwaka 1909 alipelekwa hapo kijana kutoka kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, jina lake Aniceti Kitereza. Ukoo wake, Wasilanga, ndio uliotawala Ukerewe, na masimulizi ya Wakerewe yanaeleza kwamba mababu wa ukoo huo walivuka ziwa wakitokea Ihangiro, yaani nchi hiyo hiyo ya Rubya. Kikerewe na Kihaya ni lugha ndugu. Kijana huyo alipofika Ihangiro alikutana na lugha ambayo alikuwa nayo nusu tayari.

Alikaa Rubya takriban miaka 10. Darasani alifundishwa Kilatini na Kijerumani, na Kiswahili nacho akakimudu. Hakuwa padri. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi mbalimbali, akatafsiri maandiko ya dini. Mwaka 1945 akamaliza kuandika riwaya kubwa juu ya maisha ya Ukerewe kabla ya ukoloni: kisa cha Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokosa mtoto, wakatenganishwa na maneno ya ndugu, wakarudiana, na hatimaye wakapata Ntulanalwo na Bulihwali. Mtu huyu aliyesomeshwa kwa lugha za Roma na Berlin aliiandika kwa Kikerewe.

Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Ikambidi, akiwa mtu mzima sana, aitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Mwaka 1981 mwandishi akafariki kabla ya nakala kumfikia. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya kutoka kwenye Kikerewe chenyewe.

Tunaposoma riwaya hiyo kwa Kiswahili tunaona mambo mawili. Kwanza, Kiswahili chake kina harufu ya Kikerewe. Miundo mingine inamshangaza msomaji wa Pwani, na majina na methali vinabaki na sura ya Ziwa. Wapo wahakiki wanaoliona jambo hilo kuwa kasoro. Sisi tunaliona kuwa ni mchango. Kiswahili kilichoandikwa na Mkerewe kimebeba elimu ya uvuvi, ya kilimo, ya pombe ya ndizi, ya dawa na ya ukwe ambayo mwandishi wa Pwani asingeweza kuiandika. Lugha ya taifa imetajirika kwa sababu mwandishi hakuitupa lugha yake ya kwanza.

Pili, hatusemi kwamba kitabu hicho hakina udhaifu. Mwandishi, aliyetoka katika ukoo wa watawala, anachora kwa ustadi mkubwa maisha ya nyumba, shamba na ujirani, lakini hachambui kwa kiasi hicho hicho uhusiano kati ya Omukama na wazalishaji mali. Msomaji wa siasa lazima ajiulize mwenyewe nani alimlimia nani. Lakini swali hilo lenyewe tunaweza kuliuliza kwa sababu maisha yale yameandikwa. Yasingeandikwa tusingekuwa na cha kuhakiki.

Fikra ya kwanza: kilugha ni adui wa taifa

Fikra hii ina historia inayoeleweka. Wakoloni waliyatumia makabila kuwagawa watu. TANU, tangu ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, iliwaunganisha wananchi kwa Kiswahili, na ushindi huo si mdogo. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya shughuli za Serikali na ya kufundishia shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Hatua hizo zilikuwa sahihi na tunazitetea.

Kosa linaanza pale ushindi wa Kiswahili unapogeuzwa kuwa adhabu kwa lugha nyingine. Zipo shule ambamo mtoto aliyetamka neno la kilugha huvalishwa kibao shingoni, akamkabidhi mwingine atakayemnasa akikosea. Kibao hicho kina jina baya katika historia ya Afrika Mashariki. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi watoto wa Kenya ya mkoloni walivyoadhibiwa vivyo hivyo kwa kusema Kigikuyu. Tofauti ni kwamba pale lugha iliyokuwa ikilindwa ilikuwa ya mkoloni. Chombo ni kile kile, na somo analolipata mtoto ni lile lile: kwamba mama yake anasema lugha ya aibu.

Ukabila ni siasa ya kutafuta mali na madaraka kwa kisingizio cha ukoo. Unaweza kuhubiriwa kwa Kiswahili fasaha kabisa, na kwa Kiingereza pia. Hauishi katika viambishi vya vitenzi. Tazama upande wa pili: katika Ihangiro na Bukoba nzima, neno nyarubanja lilikuwa jina la mfumo wa ukabaila ambao mkulima aliishi kwenye ardhi ya bwana na kumlipa kodi. Wakulima waliupinga mfumo huo kwa lugha yao wenyewe kabla Bunge halijaufuta kwa sheria ya mwaka 1965. Lugha iliyokuwa na jina la unyonyaji ndiyo iliyokuwa na maneno ya kuukataa.

Maisha ya Mwalimu Nyerere nayo yanaikanusha fikra hii. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikipata kwa dhati alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12 hivi. Kizanaki hakikumzuia kuwa msemaji mkubwa wa Kiswahili katika siasa ya karne ile, wala kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Kilimpa msingi wa kusimamia.

Fikra ya pili: Kiingereza hujulikana kwa kufundishiwa

Hii ndiyo fikra yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayowaumiza watoto wa wakulima na wafanyakazi. Mtoto wa Muleba husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, hupewa mafunzo ya kumwandaa kwa Kiingereza yanayodumu wiki chache, kisha fizikia, historia na jiografia zote zinamjia kwa Kiingereza.

Tuupime utaratibu huo kwa elimu iliyopo. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, alieleza mwaka 1934 kwamba lugha ya kigeni hujengwa juu ya lugha ya mwanzo iliyokwisha komaa. Mtoto hajifunzi upya maana ya dunia, bali huipa maana aliyonayo jina jipya. Mwaka 1979 Jim Cummins, aliyechunguza watoto nchini Kanada, alifafanua kwamba ujuzi uliojengwa katika lugha moja husaidia lugha nyingine, na kwamba lugha ya maongezi si sawa na lugha ya masomo. Katika utafiti wake, watoto wa wahamiaji waliweza kuongea Kiingereza baada ya miaka 2 hivi, lakini walihitaji miaka 5 hadi 7 kukimudu katika masomo. Watoto hao walizungukwa na Kiingereza mchana na usiku. Sisi tunamtaka mtoto asiyezungukwa nacho afanye kazi hiyo kwa wiki chache!

Ushahidi wa Afrika upo pia. Mwaka 1970 huko Ife, Nigeria, Babs Fafunwa na wenzake walianzisha mradi wa kuwafundisha watoto masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Watoto hao hawakuachwa nyuma katika Kiingereza, na katika masomo mengine walifanya vizuri zaidi.

Na ushahidi wa kwetu? Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba kati ya wanafunzi 10 wa kidato cha nne ni kama mmoja tu aliyefikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo ya Kiingereza yaanzie. Yaani baada ya miaka minne ya kufundishwa kwa lugha hiyo, tisa walikuwa bado hawajafika mahali pa kuanzia. Hata hivyo walipendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia, na ukafuata mradi wa kukiimarisha kwa msaada wa Uingereza. Huo ni mfano wa kuugundua ugonjwa na kuongeza kipimo cha sumu. Watafiti wa nchi yetu, akiwemo Martha Qorro, wamerudia kwa miaka mingi kusema kwamba kukifundisha Kiingereza ni jambo moja na kukifanya chombo cha kufundishia masomo yote ni jambo jingine. Sekondari bado zinafundisha kwa Kiingereza.

Wapo watakaotujibu kwa mfano wetu wenyewe. Watasema: Rubya walisoma kwa Kilatini na wakafaulu, wakatoka Kitereza na Laurean Rugambwa, aliyekuwa Kardinali mwaka 1960, kwa nini watoto wa leo washindwe kwa Kiingereza? Hoja hii inahitaji jibu. Kwanza, seminari iliwachukua wachache waliochaguliwa, ikawalisha na kuwalaza, ikawapa walimu waliokijua Kilatini kwa undani, vitabu, na saa nyingi kila siku kwa miaka mingi. Pili, waliofika huko walikuwa wamekwisha kujifunza kusoma na kuandika kwa lugha walizozielewa. Tatu, wasioweza walirudishwa makwao, na hakuna kitabu kilichoandikwa juu yao. Utaratibu wa kuchuja mapadri wachache hauwezi kuwa utaratibu wa elimu ya umma. Taifa linalojenga sekondari kila kata haliwezi kuendeshwa kwa kanuni ya kuwaokoa wachache na kuwasahau wengi.

Mwaka 1984 Mwalimu alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia. Makada wengi hulitumia neno hilo kufunga mjadala. Sisi tunasema tulichukue kwa uzito na kulifuata hadi mwisho. Kiswahili kilienea vipi Rubya? Kilikuja na biashara, na kazi za Serikali, na mikutano ya siasa, na redio. Mwaka 1968 ulianza mradi wa elimu ya watu wazima wenye makao Mwanza, uliosaidiwa na UNESCO, katika mikoa ya Ziwa, pamoja na Ziwa Magharibi, jina la Kagera wakati huo. Vitabu vyake vya Kiswahili viliandikwa juu ya kazi za watu wenyewe, kama migomba na uvuvi. Watu wazima walijifunza kusoma kwa sababu walisoma juu ya jambo walilolijua. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kwa hesabu za Serikali, katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya robo. Hivyo ndivyo lugha ya pili inavyoingia kwa watu: kwa kupewa kazi ya kufanya. Anayetaka Kiingereza kienee kama Kiswahili aonyeshe kwanza kazi hiyo iko wapi kibanjani.

Hatukikatai Kiingereza. Mtoto wa mkulima ana haki ya kukijua, tena vizuri. Tunachokikataa ni uongo kwamba anakijua kwa kukaa darasani asikoelewa. Matokeo ya uongo huo tunayaona. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi ananakili, anakariri, anatapika maneno kwenye mtihani, na mwisho hana Kiingereza wala sayansi. Kwa upande mwingine, wenye fedha wamejitenga. Wamewapeleka watoto wao katika shule za mchepuo wa Kiingereza, ambako karo moja inaweza kuwa mapato ya kibanja kizima. Pengo la lugha limekuwa pengo la matabaka. Tena wapo makada wanaohutubia juu ya Kiswahili asubuhi na mchana wanakwenda kulipa karo hizo. Wakulima wanaliona jambo hilo, na hotuba yetu inapoteza uzito.

Wapo pia wanaosema Kiswahili hakina maneno. Maneno hayaoti msituni. Hutengenezwa pale kazi inapoyahitaji. Februari 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo ambalo kwa miaka mingi tuliambiwa haliwezekani. Neno usanisinuru lipo, na mtoto wa shule ya msingi analielewa. Siku anapoingia sekondari ndipo tunamnyang'anya.

Fikra ya tatu: lugha ya urithi iko katika damu

Fikra hii inaonekana haina madhara. Mzazi aliyeko mjini anasema: mwanangu ni Muhaya, Kihaya kitamjia akikua. Hakiji. Lugha hairithiwi kama rangi ya ngozi. Mtoto wa Muhaya akilelewa na Wanyakyusa atasema Kinyakyusa. Lugha inayorithiwa hurithishwa, na kurithisha ni kazi.

Anayesikia lakini hasemi hana kilema. Ana nusu ya lugha, ile ya kupokea, kwa sababu hakuna aliyemhitaji atoe. Nusu hiyo ni mali. Mtoto wa namna hiyo akikaa likizo moja na bibi yake Rubya, bibi asiyempa nafasi ya kukimbilia Kiswahili, ataanza kusema mapema kuliko mgeni yeyote. Lakini akirudi nyumbani kwa wazazi wanaomjibu kwa Kiswahili, au waliokwisha kukiacha hata Kiswahili ili wamzoeze Kiingereza cha kuungaunga, nusu hiyo itazimika, na kizazi kinachofuata hakitakuwa na hata nusu.

Kinachopotea hapo si wimbo wa harusi tu. Kihaya hutofautisha kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na rweya, yaani ardhi ya nyasi iliyo nje yake. Katika maneno hayo mawili kuna elimu ya rutuba, ya samadi, ya haki ya ukoo na ya haki ya kijiji. Bwana shamba kijana aliyekulia mjini, anayeona yote kuwa ni shamba tu, atatoa ushauri usiofaa kwa wakulima wanaojua zaidi yake, na hata hatajua kwa nini hawamsikilizi.

Tuseme pia waziwazi kwamba Kihaya chenyewe hakikukaa peke yake kamwe. Katika mafundisho ya dini Bukoba, Kiganda kilitangulia kutumika, na Agano Jipya la Kihaya lilitoka mwaka 1930. Watu wa sehemu hii wamezoea kuishi na lugha mbili, tatu na hata nne tangu zamani. Jambo geni katika historia yao ni wazo jipya kwamba kichwa cha mtoto kina nafasi ya lugha moja tu.

Kazi iliyo mbele yetu

Kutokana na uchambuzi huu tunapata kanuni moja. Lugha huingia kwa kazi, na lugha mpya husimama juu ya ile iliyoitangulia. Mwenye Kihaya imara atapata Kiswahili imara. Mwenye Kiswahili imara, aliyejifunza kufikiri nacho sayansi na historia, atapata Kiingereza imara. Anayebomoa msingi ili aharakishe ghorofa hapati ghorofa, na msingi ameupoteza.

Kanuni isiyotendwa ni mapambo. Kwa hiyo tunaweka mbele ya makada na wanafunzi mambo haya.

Kwanza, kibao cha kilugha kiondoke mashuleni. Mwalimu wa darasa la kwanza anayeijua lugha ya watoto aitumie bila hofu kuwavusha kwenda kwenye Kiswahili.

Pili, Kiingereza kifundishwe kama somo, na kifundishwe kweli: na walimu walioandaliwa, vitabu vya kutosha na maktaba iliyo wazi. Masomo mengine yafundishwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaweza kuuliza nayo swali.

Tatu, kila kada mwenye mashaka na hoja yetu afanye jaribio dogo katika kata yake. Amtafute mwanafunzi wa kidato cha pili, amwombe aeleze jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswahili. Asikilize yote mawili hadi mwisho. Kisha ajiulize ni mtoto yupi kati ya hao wawili ambaye shule yetu inampa mtihani.

Nne, vijana wanaokwenda vijijini likizo wachukue daftari. Waandike majina ya ndizi, ya udongo, ya dawa na ya samaki kwa lugha ya wazee, pamoja na maelezo kwa Kiswahili. Kitereza aliifanya kazi hiyo peke yake, bila mshahara, na kitabu kilichukua miaka 35 kufika kwa wasomaji. Wazee waliobaki na elimu hiyo hawana miaka 35 ya kutusubiri.